Kibuyu Kilichofukuliwa Jikoni Mwangu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane. Nina watoto wawili na kwa sasa ninaishi Emali, ambako ninauza nguo za mitumba. Wanaonijua hapa sokoni huniona nikitaniana na wateja, na wengi hudhani sijawahi kupatwa na jambo. Hawajui yaliyonipata nikiwa bado mke wa mtu kule upande wa Kathonzweni. Nimekaa nayo kifuani miaka mingi. Leo nimeamua kuwasimulia, wasomaji wenzangu.

Niliolewa nikiwa msichana mdogo tu, mzaliwa wa Kwa Vonza. Mume wangu, Kioko, alikuwa karani Mombasa na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nyumbani nilibaki na mama yake, mjane. Nilimwita Mwaitu, kama alivyomwita mwanawe, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. Hakuwa mama mkwe wa kunisumbua. Alikuwa ameokoka, mzee wa akina mama kanisani, mtu wa maneno machache. Nilipojifungua binti yetu Mwende, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto. Nilipopata wa pili, Mutinda, alinikanda tena. Nilimpenda. Naomba mlielewe hilo kabla ya mengine yote.

Jikoni kwetu kulikuwa ni kijumba cha udongo na nyasi, nyuma ya nyumba kubwa. Mwaitu alikijenga alipoolewa, na nilipokuja akanikabidhi. Kilikuwa na mafiga matatu katikati, na kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi kama lami. Hakikuwa na dirisha. Ukipika unakohoa, ukitoka unalia. Mwende alianza kuugua macho, yakawa mekundu kila siku, na kule zahanati wakaniambia ni moshi.

Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimefundishwa kujenga meko ya kuinuka, ya udongo na matofali, yenye bomba la kutoa moshi nje. Meko yale hayali kuni nyingi, na mama hupika akiwa amesimama. Tukakubaliana kufanya mwethya, yaani kusaidiana kazi kwa zamu, kutoka boma hadi boma. Zamu yangu ilipofika, akina mama walikuja wakakanyaga udongo, wakafyatua matofali wakiimba. Aliyefanya kazi kuliko wote alikuwa jirani yangu Mama Musyoka. Yeye na mimi tulikuwa kama ndugu. Musyoka wake, mtoto wa pekee, alikula kwangu mara nyingi kuliko kwao.

Kioko alileta mabati na akaniambia nitafute fundi. Nilimpata Mutua, kijana mpole wa kanisani kwetu. Mpango ulikuwa rahisi. Tubomoe kile kijumba, tushushe sakafu iliyokuwa imevimba kwa majivu ya miaka mingi, tupanue upande mmoja, kisha tupandishe matofali.

Siku nilipomweleza Mwaitu, alikuwa akichambua pojo. Mikono yake ikasimama.

"Jengeni kwingine," akasema. "Shamba ni kubwa."

"Mwaitu, hapa ndipo karibu na nyumba. Tena ndipo palipo na kivuli."

"Basi jengeni juu yake. Msichimbe."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema ni vumbi tu, litatuumiza. Mimi nikadhani ni mzee anayeonea huruma jiko lake la ujana. Nani asingedhani hivyo? Nikambembeleza, akanyamaza, na mimi nikachukua kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Mutua alianza kuchimba asubuhi, baada ya chai. Mimi nilikuwa naanika mahindi. Mara nikasikia jembe limeacha kulia. Nilipogeuka nilimwona Mutua amesimama mlangoni, au tuseme pale mlango ulipokuwa, mikono ameitenga na mwili kama mtu aliyeshika kinyesi.

"Mama Mwende, njoo uone. Lakini usiguse."

Chini ya mahali pa mafiga, jembe lilikuwa limevunja kibuyu kilichozibwa kwa kitambaa kilichooza. Ndani mlikuwa na majivu, vishungi vya nywele vilivyofungwa kwa uzi, na shanga ndogondogo za buluu... shanga za kiunoni, za mtoto.

Ninyi wasomaji wa kwingine huenda mkacheka. Lakini mtu wa kwetu anajua maana ya kitu kama hicho kufukuliwa nyumbani kwako. Kwetu kuna neno moja, muoi, yaani mchawi, na neno hilo likikushika halikuachi mpaka likutoe uhai.

Mutua alinawa mikono, akanawa tena, akanawa kwa majivu. Nilimsihi asimwambie mtu. Aliondoka bila kuchukua hata kamba yake ya kupimia. Kabla jua halijafika utosini, wanawake walikuwa wamesimama kwenye uzio wangu wakichungulia, na hakuna aliyepiga hodi.

Nilikimbia kwa Mwaitu. Alikuwa amekaa kitandani, mlango umefungwa.

"Mwaitu, kile ni nini?"

"Sijui."

"Lakini jiko lilikuwa lako..."

"Nimesema sijui."

Jumapili baada ya ibada wazee wa kanisa walifika nyumbani na mchungaji. Walikaa kwenye viti barazani, chini ya paa la mabati, wakaomba, kisha wakatuuliza sisi wawili. Mimi nilisema ukweli, kwamba sikujua lolote. Wakamgeukia Mwaitu. Nilimwangalia kwa matumaini, maana neno la mama yule lilikuwa na uzito kuliko la mwanamume yeyote pale. Aliangalia chini, akakunja leso yake, akasema polepole:

"Mimi nilimpa jiko likiwa safi."

Hayo tu. Maneno hayo machache yalinihukumu. Wazee walitazamana. Mchungaji akafunga Biblia yake, akasema watanikumbuka katika maombi, na wote wakaondoka bila kugusa uji niliokuwa nimewapikia.

Tangu siku hiyo nikaanza kuishi kama mwenye ukoma. Nikifika kisimani, wengine wanajitenga na ndoo zao. Maziwa ya ng'ombe wetu hayakununuliwa tena, nikawa ninayamwaga. Kanisani nikikaa kwenye benchi, benchi linabaki langu peke yangu. Akina mama wale wale waliofyatua matofali yangu wakiimba, sasa walipita kwa njia ya mbali wasiyaone. Mwende akarudi kutoka shuleni akilia, akaniuliza muoi ni mtu wa namna gani, na kama ni kweli kwamba mimi huamka nikiwa fisi. Ningemwambia nini mtoto wa miaka saba?

Niliogopa kila kitu. Mbwa akibweka, ninashika watoto. Mtu akicheka barabarani, ninajua ananicheka mimi. Nilikuwa nimesikia habari za mama mmoja aliyechomwa ndani ya nyumba yake kwa tuhuma kama zangu, na mwanzoni niliposikia habari zile nilitikisa kichwa tu na kuendelea na kazi zangu... Sasa nilikuwa ninahesabu milango ya nyumba yangu. Ulikuwa mmoja.

Kisha Musyoka akashikwa na homa. Mvua zilikuwa zimenyesha, mbu walikuwa wengi, na watoto wengi kijijini walikuwa wagonjwa. Lakini Musyoka alikuwa amekula isyo, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria yangu siku mbili kabla ya homa. Yeye tu ndiye aliyekuwa bado akija kwangu, kwa sababu mtoto hajui mambo ya watu wazima. Walimpeleka zahanati wakiwa wamechelewa. Alifia njiani, mgongoni mwa mama yake.

Sikuthubutu kwenda matangani. Nilimlilia mtoto yule peke yangu, nimeuma leso ili sauti isitoke, maana hata kilio changu wangekisema vibaya.

Baada ya mazishi, Mama Musyoka alikuja mpaka kwenye geti langu. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa amekonda kwa siku chache tu, leso imemlegea kiunoni.

"Mama Mwende," akasema, "niambie tu ulimfanyia nini mtoto wangu. Sitakwambia neno baya. Nataka tu kujua."

"Rafiki yangu, sikumfanyia kitu. Nilimpa chakula kama wangu."

"Ungeniambia tu," akasema, akageuka, akaenda zake.

Nilimtumia Kioko salamu kwa kondakta wa basi, kwamba aje haraka, nyumbani kumeharibika. Alikuja. Niliposikia sauti yake nilishusha pumzi, nikajua nimepona. Kumbe alikuwa amekaa sokoni na wanaume kwanza, wakamjaza masikio. Nilimwekea chai. Aliishika, akaitazama, akaiweka chini.

"Ni chako?" akaniuliza.

"Kioko, umenioa ukiwa unanijua..."

"Nimeuliza, kile kibuyu ni chako?"

Nikasema hapana. Hakuniita mwongo. Alisema tu kwamba atalala kwa binamu yake, na kwamba mambo haya yanataka mtu atulie afikiri. Asubuhi akapanda basi la kurudi Mombasa. Chai ile ilibaki mezani imeganda utando. Mke afanye nini mume wake anapoogopa kikombe chake?

Nilipanga kuwachukua watoto nirudi Kwa Vonza kwa wazazi wangu. Siku niliyokuwa nafunga nguo ilikuwa siku ya soko. Mwaitu akaniita chumbani kwake. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya wazee. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, nikadhani anaomba.

"Funga mlango," akasema. "Kibuyu ni changu."

Niliufunga mlango, nikabaki nimeuegemea.

Aliniambia kwamba kabla ya Kioko alizaa watoto watatu, na hakuna aliyefikisha mwaka. Kila akizika, watu walimwambia hana mkono wa kulea. Alipopata mimba ya Kioko, mama yake alimpeleka kwa mganga ng'ambo ya mto Athi. Mganga akamwambia achukue nywele alizokuwa amezihifadhi za wale watoto, na shanga zao, azifukie chini ya moto wake wa kila siku, ili kifo kipate joto, kilale, kisiamke kumtafuta huyu wa nne. Akafanya hivyo. Kioko akaishi. Baadaye Mwaitu akaokoka, akawa kiongozi, na hakuweza tena kuwaambia watu kwamba kuna kitu kimelala pale.

"Nilikuwa mama aliyezika watoto," akasema. "Wangeniambia nimeze moto, ningemeza."

"Lakini kwa nini ulisema ulinipa jiko safi?"

Machozi yakamtoka bila sauti.

"Niliogopa. Mimi ni kizee, mjane. Wangenimaliza siku ile ile. Wewe una mume, una nguvu, nilidhani wataongea wachoke. Mwanangu... niliogopa tu."

Nilitaka kumpiga. Ndiyo, ninawaambia ukweli. Nilitaka kumvuta kwa nguo yake mpaka sokoni nikamwambie aseme. Na wakati huo huo nikawaza wale watoto watatu, nikashindwa kufanya hata moja.

Tukiwa humo ndani tukasikia filimbi. Kwanza moja, kisha nyingi, kutoka njia ya sokoni. Na makelele ya wanaume.

Niliwatoa watoto kwa dirisha la nyuma, nikamwambia Mwende amshike mdogo wake mkono, wapite kwenye mahindi wakimbie kwa sabuchifu, naibu wa chifu, wasigeuke nyuma hata wakisikia jina langu. Nilipomaliza tu kusema, boma lilikuwa limejaa. Vijana wenye panga na marungu, wengine niliwafundisha Sunday School. Mbele alikuwa kaka yake Mama Musyoka akiwa na debe la mafuta ya taa. Mutua, fundi wangu, alikuwa katikati yao.

Walianza na jiko. Matofali yangu yalikuwa bado yamepangwa kando ya shimo, na mbao za paa zilikuwa zimelazwa juu yake. Wakamwaga mafuta, wakawasha. Moto ule ulivuma, na joto likatufikia mlangoni. Kisha wakanitoa. Sikumbuki nilishikwa na nani. Nakumbuka mafuta yakiingia kifuani, baridi, yakiteremka mpaka tumboni, na ile harufu... Mpaka leo nikinunua mafuta ya taa ninaziba pua na kugeuka.

"Kibuyu ni cha nani?" wakauliza. "Sema, ni cha nani?"

Nilikuwa ninajua jibu. Lilikuwa mdomoni. Nilimwona Mwaitu amesimama mlangoni, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Neno moja tu na wangeniachilia wamwendee yeye. Wasomaji wenzangu, sitajisifu. Sijui kama nilinyamaza kwa kumhurumia au kwa sababu ulimi ulikuwa umekauka. Nilinyamaza. Mtu akatoa kiberiti.

"Ni changu."

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Mwaitu alikuwa ameteremka ngazi. Alitembea mpaka katikati ya wale vijana bila kitambaa kichwani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. Mkononi alikuwa na zile shanga za buluu. Kumbe alizichukua kutoka kwenye shimo siku kibuyu kilipofukuliwa, watu walipoondoka.

"Ni changu. Hii ni ya Nduku. Hii ni ya Mbithi. Hii ni ya yule ambaye hakupata jina. Niliwazika, nikaogopa kwamba hata Kioko nitamzika. Huyu msichana hajui kitu. Mkitaka kuchoma mtu, niko hapa."

Hakuna aliyesogea. Nilisikia moto tu nyuma yetu ukila mbao. Kisha kijana mmoja akasema basi wachomwe wote wawili, na wengine wakaanza kuitikia... Hapo ndipo Mama Musyoka alipopenya. Alikuwa amekuja nyuma ya kaka yake. Alizichukua zile shanga kwa Mwaitu, akazitazama, akaketi chini kwenye vumbi mbele yake. Mwaitu naye akaketi. Wale mama wawili wakashikana, wakalia kilio kimoja, na Mama Musyoka akawa anauliza, "Ulifanyaje ukaishi? Niambie, ulifanyaje ukaishi?"

Kaka yake akaweka debe chini. Wengine walibaki wamesimama na panga zao kama watu walioamshwa usingizini. Sabuchifu alipofika na askari, akiwa na Mwende wangu mbele, nusu ya vijana walikuwa wameshaondoka kwa njia ya mahindi. Wengine walikamatwa, wakaachiliwa baadaye.

Sikulala tena katika boma lile. Nilikwenda Kwa Vonza nikiwa bado na harufu ya mafuta kwenye ngozi. Kioko alinifuata baada ya wiki kadhaa, na wazee, na mbuzi wa kuomba msamaha. Mbele ya baba yangu nilimuuliza swali moja tu.

"Ile chai, ulifikiri nimeweka nini?"

Alikuwa mtu mzuri, Kioko, na bado ni baba wa watoto wangu. Lakini nilijua kwamba siku nyingine ya hofu ikija, atapanda basi. Mbuzi walirudishwa.

Mwaitu alitengwa na kanisa. Akina mama wakamnyang'anya uongozi, na wengi hawakumsalimu tena. Nilisikia baadaye kwamba aliyempelekea chakula na maji mpaka alipofariki ni Mama Musyoka. Nilikwenda kumzika. Nilisimama nyuma, na Mama Musyoka akanifuata huko nyuma akasimama kando yangu. Watu huniuliza kama nilimsamehe Mwaitu. Kuna siku ninamkumbuka akinikanda baada ya uzazi, ninasema ndiyo. Kuna siku ninasikia, "Nilimpa jiko likiwa safi," na siku hiyo sisemi kitu.

Nimeandika haya kwa sababu bado ninayasikia. Kila msimu wa homa, kila ng'ombe akifa, jina la mwanamke fulani linaanza kupita sokoni, na mara nyingi ni mjane, au mke aliyetoka mbali. Enyi wazee mnaojua jambo, semeni mapema, kabla kunyamaza kwenu hakujamvisha mwingine lawama. Enyi waume, ulizeni wake zenu kabla ya kuuliza soko. Na wewe ndugu, ukisikia filimbi na watu wakisema twendeni kwa mama fulani, usiende hata kutazama tu. Wengi waliokuja kwangu siku ile walikuja kutazama. Kama lazima utoke nyumbani, basi mkimbilie sabuchifu, au uende ukasimame pale mwanamke yule aliposimama, umshike mkono, ili angalau asiwe peke yake.